Kibali cha Kifaranga

Mwishoni mwa Oktoba 2017, maofisa wa Tanzania waliteketeza vifaranga 6,400 mpakani Namanga. Walikuwa wameingizwa kutoka Kenya bila kibali, na serikali ilieleza kwamba wangeweza kuleta mafua ya ndege nchini. Walichomwa wakiwa hai. Februari 2018 wengine wapatao 5,000 nao wakateketezwa. Kenya ililalamika, Tanzania ikasimamia sheria yake, na mjadala uliofuata ukawa wa ujirani mwema, wivu wa biashara na heshima ya mipaka. Swali lililohitaji kuulizwa mapema zaidi halikupata nafasi: kibali hicho kinathibitisha nini, kinatolewa na nani, na mfanyabiashara wa vifaranga angekipata kwa muda gani?

Muda ndio kiini cha biashara hii. Kifaranga anapoanguliwa siku ya 21, tumboni mwake kunakuwa kumebaki sehemu ya kiini cha yai, na hiyo humtosha kwa takriban saa 72 bila kula wala kunywa. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja wanaweza kusafirishwa. Hupangwa kwenye maboksi ya kadibodi yenye matundu pembeni. Kila boksi lina vyumba vinne, na kila chumba hubeba vifaranga 25, kwa sababu mia moja wakiachwa pamoja watarundikana kona moja kutafuta joto, na walio chini watakosa hewa. Kutoka Nairobi hadi Arusha ni kama kilometa 270, safari ya nusu siku. Barabara haili hata robo ya saa hizo 72. Zinazobaki zote ni za foleni, mihuri na maswali ya mpakani.

Utaratibu ulioandikwa una mantiki, na ni vizuri kuueleza kabla ya kuulaumu. Mwagizaji anatakiwa kuomba kibali cha kuingiza kutoka kwa mamlaka ya mifugo ya nchi yake kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka. Kibali hutaja masharti ya afya. Daktari wa mifugo wa serikali katika nchi inayouza hukagua shamba, kisha hutoa cheti cha afya kinachojibu masharti hayo, moja baada ya jingine. Mpakani, mkaguzi hulinganisha kibali, cheti na mzigo wenyewe. Tanzania imeyaweka haya katika Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na kanuni zake, na Kenya ina sheria yake inayofanana nayo kwa mengi.

Kwa nini kifaranga anayelia vizuri kwenye boksi ahitaji cheti? Kwa sababu yapo magonjwa ambayo macho ya mpakani hayawezi kuyaona. Pulorum, ugonjwa unaofahamika kwa mharo mweupe, hutoka kwa kuku mama kupitia yai hadi kwa kifaranga. Ukimtazama siku ya kwanza unaweza usione dalili yoyote. Wiki ya pili anakufa pamoja na wenzake, na waliopona wanabaki na vijidudu mwilini na kuvipitisha kwenye mayai yao watakapokua. Njia ya kuaminika ya kujua mapema ni kupima kuku wazazi shambani. Cheti cha afya hubeba ushahidi huo kutoka shambani hadi mpakani. Kikiwa cha kweli, ni kinga ya mfugaji aliyekopa ili ajenge banda.

Afrika Mashariki inapaswa kulielewa hili kuliko wengi, kwa sababu ya sotoka. Mwaka 1887 ugonjwa huo uliingia Massawa, Eritrea ya leo, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi la Italia. Hakukuwa na ukaguzi wowote wa maana. Ndani ya miaka michache ukashuka Ethiopia, ukapita nchi za Wamasai, na kufikia mwaka 1897 ulikuwa umefika Rasi ya Tumaini Jema. Sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa ukanda huu ilikufa, nyati na wanyama wengine wa porini nao wakafa, na njaa iliyofuata ikaua watu. Mwaka 1920 ugonjwa huohuo ulizuka Ubelgiji, kutoka kwa ng'ombe wa India waliokuwa wakipitishwa bandari ya Antwerp kwenda Brazil. Ulaya ikashtuka. Mwaka 1924 nchi 28 zikaunda Paris shirika la kupeana taarifa za magonjwa ya wanyama, ambalo leo ni Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Vyeti vinavyodaiwa Namanga vina asili yake huko. Na vimefanya kazi pale vilipoungwa mkono na chanjo na madaktari waliokwenda walipo wanyama: mara ya mwisho sotoka kuonekana ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa.

Kwa hiyo sina ugomvi na karatasi. Ugomvi wangu ni na karatasi isiyo na mnyama nyuma yake.

Tazama nyama. Mkaguzi anayefanya kazi yake machinjioni huchanja misuli ya mashavu ya ng'ombe kutafuta vifuko vya tegu, hupasua moyo, hupapasa mapafu yote mawili kwa vidole, hukata ini kutafuta minyoo, hupasua tezi kutafuta dalili za kifua kikuu. Kiungo kibovu hutupwa mbele ya mwenye ng'ombe, na mara nyingi hapo ndipo maneno yanapoanza, maana mwenye ng'ombe ana deni lake. Akimaliza hugonga mhuri wa wino juu ya nyama. Mhuri huo na hati ya kusafirishia nyama ndivyo vinavyompa mwenye bucha haki ya kusema nyama yake ni salama. Lakini mhuri uleule unaweza kugongwa na mtu aliyefika ng'ombe akiwa tayari ameshakatwa vipande, au hati ikasainiwa mezani ikiwa tupu, ijazwe baadaye na dereva. Mnunuzi hana namna ya kutofautisha. Wino ni uleule.

Hapo ndipo serikali zetu zinapojidanganya zikidhani kuongeza karatasi ni kuongeza usalama. Anayetaka kuingiza nyama Tanzania Bara hukutana na wizara ya mifugo kwa ajili ya kibali, Bodi ya Nyama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 limechukua usimamizi wa chakula uliokuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, Tume ya Nguvu za Atomiki kwa ajili ya kipimo cha mionzi, kisha forodha. Kila taasisi ina sababu ya kuwepo kwake, na maofisa wake wanaweza kuitetea vizuri. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, ni maombi mengi, ada nyingi na kusubiri kwingi, na bado hakuna mmoja kati yao anayeweza kusimama na kusema: mzigo huu wote uko chini ya dhamana yangu. Serikali yenyewe ilikiri tatizo hili katika mpango wake wa mwaka 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, uliotaja waziwazi mwingiliano wa mamlaka na wingi wa tozo.

Kampuni kubwa huumia, lakini huweza kumwajiri mtu ambaye kazi yake ni kufuatilia vibali tu. Mfanyabiashara mdogo hana mtu huyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimwekea njia rahisi: bidhaa za asili ya nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupata cheti rahisi cha uasilia papo hapo mpakani, bila ushuru wa forodha. Ni hatua nzuri. Ila cheti hicho kinasema bidhaa imetoka wapi, hakisemi kama ni salama. Kwa mayai, kuku na nyama, kibali cha mifugo bado kinadaiwa, na mara nyingi uamuzi wake uko mbali na mpaka. Mama mwenye trei kumi za mayai anapewa urahisi na dirisha la kwanza, kisha dirisha la pili linamrudisha nyuma. Faida ya trei kumi hailipii nauli ya kufuata saini.

Anachofanya baada ya hapo kinajulikana na kila mkazi wa mpakani. Anampa kijana wa bodaboda mayai, na mayai yanavuka usiku kwa njia za panya. Sasa hakuna aliyeyaona. Na hatari katika mayai hayo mara nyingi iko nje ya ganda. Ziangalie zile trei za karatasi: zinatoka shamba hili kwenda sokoni, zinarudi shamba lile, zina madoa ya kinyesi na manyoya yaliyogandia kwenye pembe, haziwezi kuoshwa, na zinatumika hadi zichanike. Kinyesi hicho kinaweza kubeba kideri na mafua ya ndege kutoka banda moja hadi jingine. Mkaguzi aliyeko mpakani, mwenye mamlaka ya kusema «badilisha trei, pitisha mayai», angezuia ugonjwa zaidi kuliko sharti linalomsukuma mama yule porini.

Liko pia suala la haki kati ya majirani. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya watu, wanyama na mimea, unaotumika tangu 1995, unazitaka nchi ziweke masharti yenye msingi wa kisayansi, na zikubali kwamba eneo moja la nchi linaweza kuwa salama hata kama jingine lina ugonjwa. Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua makali ya ndege baada ya ndege wa porini kufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Ilitangaza wazi, kama inavyotakiwa. Malipo yake yakawa Kenya na Rwanda kuzuia kuku wa Uganda, pamoja na wa wafugaji waliokuwa mbali na ziwa. Miaka michache baadaye Kenya na Uganda zikavutana tena juu ya kuku na mayai, na safari hiyo hoja ya wazi kabisa ilikuwa kuwalinda wafugaji wa Kenya dhidi ya mayai ya bei nafuu. Kulinda wafugaji wako si dhambi. Kutumia cheti cha afya kwa kazi ya ushuru ni kosa, kwa sababu siku ugonjwa wa kweli utakapokuja, jirani hatakuamini, na anayeuza atajifunza kwamba kutangaza ugonjwa ni kujichongea.

Kuaminika kukishapotea hurudi polepole sana. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kisayansi mwaka 1931 kutokana na kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha. Mwaka 2000 ililipuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika. Saudi Arabia ikazuia mifugo ya Pembe ya Afrika, na wafugaji wa Kisomali wakakaa hadi mwaka 2009 kabla soko hilo halijafunguliwa tena. Leo nyama ya mbuzi ya Kenya na Tanzania inapakiwa ndege kwenda nchi za Ghuba, na wanunuzi huko wanadai cheti cha afya na cheti cha halali. Soko hilo linasimama juu ya saini za madaktari wachache wa mifugo. Saini moja ya uongo inaweza kulifunga kwa miaka.

Turudi kwa vifaranga. Sheria inaruhusu kuharibu mzigo ulioingia kinyume cha utaratibu, na sidai kwamba wangeachwa waingie sokoni. Lakini Tanzania pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na miongozo ya kimataifa ya kuua wanyama kwa ajili ya kudhibiti magonjwa inataja njia zisizo za mateso, gesi ikiwemo. Kuwachoma viumbe hai wenye umri wa siku moja lilikuwa kosa, na hakuna kibali kilichokosekana ambacho kingelihalalisha. Hofu ya mafua hujibiwa na sampuli na maabara. Kuna pia kuwarudisha walikotoka kwa gharama ya mwenye mzigo, na kumtoza faini itakayomfanya asirudie.

Kituo cha huduma kwa pamoja cha Namanga kilizinduliwa Desemba 2018, mwaka mmoja na kidogo baada ya moto ule. Maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Kinachotakiwa sasa ni kwamba daktari wa mifugo aliyemo humo awe na mamlaka ya kutoa kibali palepale kwa mizigo midogo, awe na vipimo vya haraka, na ajibu ndani ya saa zisizozidi umri wa kiini tumboni mwa kifaranga. Iwe hivyo hivyo kwenye vituo vingine vya mpakani: Sirari, Holili, Horohoro, Mutukula na Busia. Cheti kilichotolewa na daktari wa serikali upande mmoja kikubaliwe upande wa pili bila kuombwa upya, ilimradi jina lake, namba ya shamba na tarehe ya kipimo vinaweza kuhakikiwa kwa simu.

Na wewe unayenunua vifaranga, mayai au nyama ya kuuza: mwulize afisa mifugo wa eneo lako kabla hujalipa, dai kuona cheti, na kisome. Kama hakitaji shamba wala tarehe ya ukaguzi, usinunue.