Krismasi katika nchi ya wafugaji

SANGAILU ni wadi ya Eneo-Bunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, si mbali na msitu wa Boni na mpaka wa Kenya na Somalia. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, ni Waislamu, na riziki yao ni mifugo. Katika maeneo kama hayo tarehe 25 Desemba haina shamrashamra zinazoshuhudiwa Nairobi au Kisumu. Mkristo anayeiadhimisha huko aghalabu ni mtu aliyeletwa na kazi: mwalimu, askari au muuguzi kutoka kaunti nyingine.

Hata hivyo, kisa chenyewe cha Krismasi si kigeni katika nchi hiyo. Huenda mfugaji wa Sangailu akakielewa upesi kuliko mkazi wa mjini, kwa kuwa kinahusu mambo anayoyajua: safari ndefu, mama mjamzito asiye na mahali pa kujistiri, na watu wanaokesha nje wakilinda mifugo.

Kwa mujibu wa Injili ya Luka, Yusufu na Mariamu walisafiri kutoka Nazareti hadi Bethlehemu kwa sababu serikali ya Kirumi, chini ya Kaisari Augusto, ilikuwa imeamuru watu waandikishwe. Waliitii amri ya mtawala wa mbali, lakini walipofika hawakupata nafasi ya kulala wageni. Mtoto alipozaliwa alilazwa horini, yaani katika chombo cha kulishia mifugo. Wasomali wa Kenya, ambao kwa miaka mingi walipitia msasa wa ziada kabla ya kupewa vitambulisho, hawahitaji kuelezwa jinsi safari ya kuandikishwa inavyoweza kumchosha raia wa kawaida.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni waliopewa habari kwanza. Malaika hakwenda kwa mfalme Herode wala kwa makuhani wa Yerusalemu, bali aliwatokea wachungaji waliokuwa zamu ya usiku. Wakaambiwa kwamba furaha hiyo ni ya watu wote, na alama waliyopewa ya kumtambua mtoto haikuwa taji wala kasri, bali hori. Hiyo ni alama ambayo mchungaji yeyote angeweza kuitambua, na mahali ambapo hakuna bawabu wa kumzuia asiingie.

Ndiyo maana sikukuu hii imewagusa wanyonge kwa karne nyingi. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi aliomba yaletwe majani makavu, ng'ombe na punda, ili wanakijiji wajionee kwa macho yao umaskini wa mtoto huyo. Walifika usiku wakiwa na mienge, na ibada ikafanyika mbele ya hori. Desturi ya kutengeneza pango la Noeli makanisani ilipata nguvu kutokana na usiku huo.

Miaka minne kabla yake, mwaka 1219, wakati wa Vita vya Msalaba, Fransisko huyohuyo alivuka mstari wa mapigano karibu na Damietta, Misri, akazungumza na Sultani Malik al-Kamil. Sultani alimpokea na kumwacha arudi salama. Historia hiyo ina mwangwi Garissa, kwa kuwa maaskofu Paul Darmanin na Joseph Alessandro, walioliongoza Jimbo Katoliki la Garissa kwa kupokezana, walikuwa Wakapuchini kutoka Malta, tawi la familia ya kitawa ya Fransisko.

Kwa upande wa Uislamu, Maryamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani, na sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Humo anajifungua akiwa peke yake chini ya mtende, akiwa na uchungu na huzuni. Anafarijiwa kwa maji yanayopita chini yake na tende mbivu zinazomwangukia. Majina ya Isa na Maryamu ni ya kawaida katika familia za Kisomali.

Tofauti za imani haziondoki kwa sababu hiyo. Mkristo husema mtoto huyo ni Mwana wa Mungu. Mwislamu humheshimu kama nabii, na haadhimishi Krismasi. Lakini pande zote mbili zinasimulia kwamba Mwenyezi Mungu alimwangalia mama aliyekuwa hana msaada wa binadamu.

Masimulizi hayo yamepita katika majaribu makali. Tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mjini Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada na waumini zaidi ya kumi wakauawa. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walikubali kwamba vijana wao washiriki kuyalinda makanisa. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi Wakristo.

Desemba ya mwaka huohuo, siku nne kabla ya Krismasi, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Wanamgambo waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mitandio ya kujifunika ili wasitambuliwe, na wauaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani, na mwaka 2017 tukio hilo likatengenezewa filamu fupi iliyofika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Filamu hiyo inaitwa Watu Wote.

Jina hilo linarudisha fikira kwa wachungaji wa Bethlehemu, walioambiwa kwamba furaha ni ya watu wote. Abiria wa basi lile hawakuwa na cheo wala silaha. Walichokuwa nacho ni vitambaa vya kichwani na neno la kukataa, na kwa hivyo majirani zao wakafika Krismasi wakiwa hai.

Kwa mwalimu au muuguzi anayeipokea Noeli mbali na jamaa zake, katika kituo kama Sangailu, usalama wake unategemea askari, lakini unategemea pia jirani asiyeshiriki ibada yake. Wachungaji wa kwanza, baada ya kumwona mtoto, walirudi kwa mifugo yao wakiwa na furaha. Hali yao ya maisha ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba walijua hawakusahauliwa.