Jeni Zilizojificha Ndani ya Siliata

Katika tone la maji ya bwawa yawezekana akaonekana, chini ya hadubini, kiumbe mwenye umbo la peasi aitwaye Tetrahymena. Mwili wake mzima ni seli moja, nao umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga maji kama makasia. Viumbe wa jamii yake huitwa siliata. Ndani ya seli hiyo, kama ilivyo katika seli za binadamu, mna mitokondria, yaani vile vijumba ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili nguvu ipatikane.

Mitokondria ina DNA yake yenyewe, mbali na ile ya kiini cha seli, kwa kuwa asili yake ni bakteria aliyefanya maskani ndani ya seli nyingine zamani za kale. Jeni zake nyingi zilipotea au kuhamia kwenye kiini. Kilichosalia kwa binadamu ni duara dogo la jozi 16,569 za besi, ambazo ndizo herufi za maandishi ya urithi. Duara hilo, lililosomwa lote huko Cambridge mwaka 1981, lina jeni 37, na kati ya hizo ni 13 tu zinazoagiza protini.

Siliata hawakufuata mtindo huo. Mwaka 1968 Suyama na Miura walionyesha kwamba DNA ya mitokondria ya Tetrahymena ni uzi ulionyooka wenye ncha mbili. Mwaka 2000 Gertraud Burger na wenzake walitangaza maandishi yake kamili: jozi 47,172, bila kuhesabu ncha. Jeni za protini zilizotambulika zilikuwa 21. Nyingine 22 hazikufanana na chochote kilichojulikana kazi yake, zikapewa alama na nambari tu.

Hapo ndipo lilipoanza fumbo. Jeni mpya hutambuliwa kwa kulinganishwa na zile za viumbe wengine, na kwa njia hiyo jeni moja muhimu haikupatikana kabisa. Nayo ni ile ya mfereji wa kimeng'enya kitengenezacho ATP, sarafu ya nguvu katika seli. Kimeng'enya hiki huzunguka mfano wa kinu kinachosukumwa na maji, isipokuwa hapa kinachopita mferejini ni protoni. Pasipo mfereji, kinu hakizunguki. Lakini Tetrahymena anapumua na anatengeneza ATP kama kawaida!

Dalili ilikuwamo katika mpangilio wenyewe. Kati ya zile 22, 13 zilionekana pia kwa Paramecium, siliata mwenzake ambaye maandishi yake yalikuwa yamechapishwa mwaka 1990. Tano zaidi zilikuwa na ukubwa unaokaribiana na za Paramecium, tena zikikaa mahali pale pale, ingawa herufi zake hazikufanana. Ni kama jirani aliyebadili jina na mavazi, lakini hajahama nyumba.

Mwaka 2010 watafiti waliacha kulinganisha herufi, wakakitoa kimeng'enya chenyewe ndani ya Tetrahymena na kuzichunguza protini zake moja moja. Miongoni mwake ilikuwamo protini ya jeni iitwayo ymf66, wakaishuku kuwa ndiyo mfereji. Mwaka 2020 picha za hadubini ya elektroni zilithibitisha shaka hiyo. Jeni iliyodhaniwa kukosekana ilikuwamo orodhani muda wote. Mwaka 2022 picha kama hizo zilionyesha protini nyingine za ymf zikiwa katika mitambo ya upumuaji.

Hata hivyo, si kila jeni isiyoonekana imejificha. Nyctotherus ovalis ni siliata aishiye ndani ya utumbo wa mende, mahali pasipo oksijeni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta katika mitokondria yake DNA yenye jeni za hatua ya kwanza ya upumuaji, lakini kimeng'enya cha ATP hakikuonekana, wala katika jeni za kiini. Huyu amekiacha kinu kweli. Mitokondria yake hutoa haidrojeni, nayo huchukuliwa na vijidudu waishio ndani ya seli hiyo hiyo, wakaigeuza kuwa methani.