Fedha Mkononi mwa Masikini: Zinabadilisha Nini Nyumbani, na Hukumu Zake



Tumepokea maswali kadhaa kuhusu fedha taslimu zinazopewa kaya masikini hapa visiwani. Wako wanaouliza: je, kumpa masikini fedha si kumharibu? Si bora apewe mchele na unga, tukajua kwamba amekula? Na wako wengine, wengi wao wanawake, wanaouliza jambo la ndani ya nyumba: fedha zimeandikwa kwa jina la mke, mume anazitaka, nani mwenye haki nazo? Tutaanza na fedha zenyewe na kazi zinayoifanya, kisha tuje kwenye hukumu, kwani kulihukumu jambo ni sehemu ya kulielewa.

Fedha tunazozizungumza zinakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaosimamiwa na TASAF, Bara na Visiwani. Kaya hutajwa kwanza na wanajamii wenyewe katika mkutano wa shehia, kisha hali yake huhakikiwa kwa dodoso, na zilizopita hulipwa kila baada ya miezi miwili. Sehemu ya fedha hizo ina masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, na aliyefika umri wa skuli ahudhurie si chini ya asilimia 80 ya siku za masomo. Ziko pia kazi za muda zenye ujira, kama kupanda mikoko. Njia ya pili ni Pensheni Jamii ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mfanyakazi wa serikali, mkulima au mvuvi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa kufikia 50,000.

Mtu wa mshahara anaweza kuziona fedha hizi ni ndogo, na kweli ni ndogo. Lakini aliyekulia shamba anajua umasikini wa kijijini ulivyo. Si kwamba hakuna chochote mwaka mzima. Karafuu zikizaa, fedha zipo. Pweza akipatikana, zipo. Mwani ukikauka na mnunuzi akaja, zipo. Tatizo ni masiku yaliyo katikati. Masiku hayo mama humtuma mtoto dukani na maneno tu, “Mwambie aniandikie,” na daftari la duka linajaa: kilo moja ya mchele, sukari robo, mafuta ya taa, sabuni. Deni likiwa kubwa mtoto hurudi mikono mitupu, na siku ya pili mama anaona haya kumtuma tena. Hapo ndipo anapouzwa kuku aliyekuwa anataga, au mwani unauzwa kwa bei yoyote atakayoitaja mnunuzi, kwa sababu chungu hakingoji.

Mabadiliko ya kwanza, basi, huanzia kwenye daftari. Mwenye duka akijua kwamba nyumba fulani ina malipo yanayokuja, huiandikia bila ya kununa. Fedha zikifika deni hulipwa, na kinachobaki hununua kile ambacho mwenye kukopa robo robo hawezi kukinunua, yaani kitu kwa jumla. Kilo kumi za mchele kwa mkupuo mmoja ni nafuu kuliko robo arubaini. Masikini siku zote hununua ghali, na si kwa ujinga, bali kwa kukosa fedha za pamoja.

La pili ni skuli na madrasa. Watoto wengi hawakosi masomo kwa kuwa wazazi wao hawataki elimu. Wanakosa kwa sababu ya viatu, daftari, sare iliyochanika mgongoni, ushungi mmoja unaovaliwa na ndugu wawili kwa zamu. Hivi ni vitu vidogo, lakini kila kimoja kinataka fedha, na mchele wa msaada hauwi viatu. Hili ndilo jibu letu kwa wenye kupendelea vyakula peke yake. Tumewahi kuona unga wa msaada ukiuzwa kwa bei ya hasara ili zipatikane fedha za dawa. Mtoaji alikusudia kheri, lakini hakumuuliza mwenye shida shida yake ni ipi.

La tatu ni paa. Makuti hayadumu, kila baada ya miaka michache huezekwa upya, na masika yakiingia kabla hujaezeka, usiku ni wa kuhamisha mkeka kutoka pembe hadi pembe. Familia zinazojaaliwa kuweka akiba, na walengwa wengi wamejiunga na vikundi vya kuweka na kukopa, hununua bati moja moja na kulihifadhi kwa jirani hadi zitimie.

Na kwa wazee kuna jambo ambalo halimo katika hesabu. Bibi wa miaka 75 aliyekuwa akingoja mjukuu amkumbuke, leo yeye ndiye anayemtuma mjukuu akanunue vitumbua. Amerudi kuwa mtu wa kutoa.

Sasa ile hofu ya kwamba masikini atazifuja. Jirani zetu wa Kenya wamelipima jambo hili kwa makini. Katika eneo la Rarieda, kaunti ya Siaya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia familia zilizopewa fedha bila ya sharti lolote, na hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe wala tumbaku. Walichokiona ni chakula zaidi, mifugo na mapaa ya bati. Utafiti mwengine katika vijiji 653 vya kaunti hiyo hiyo, ambako zaidi ya kaya 10,000 zilipewa kiasi cha dola 1,000 kila moja, ulionesha kwamba hata majirani ambao hawakupewa walinufaika, kwa kuwa fedha zilizunguka madukani na kwa mafundi, na bei za bidhaa karibu hazikupanda. Hatusemi kwamba hakuna mfujaji. Yupo, kama alivyo miongoni mwa matajiri, ila tajiri haulizwi.

Tuje kwenye suala la mume na mke. Nafaqa ya mke na watoto ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, na wajibu huo hauondoki kwa mke kupata fedha. Ikiwa kilichopokelewa ni chake binafsi, kama ujira wa kazi aliyoifanya au pensheni yake, ni mali yake na haichukuliwi bila ya ridhaa. Zaynab, mke wa Ibn Mas‘ud, alipouliza kama sadaka yake kwa mumewe mhitaji inajuzu, alijibiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba ana ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Lau mali ya mke ingelikuwa ya mume, isingeitwa sadaka.

Ama fedha zinazotolewa kwa ajili ya kaya nzima, wakiwemo watoto, mke aliyeandikwa jina ni mwenye amana. Si zake peke yake kununulia dhahabu, wala si za mume kuchukulia mirungi. Zitumike pale alipokusudia mtoaji, na wawili hao washauriane. Mume anayengoja siku ya malipo ili aache kutoa posho hajapunguziwa mzigo, amewapunguzia watoto haki yao.

Kuna uovu unaozifuata fedha hizi, nao ni mkopo wa kungoja malipo. Mtu humpa mlengwa 40,000 leo kwa sharti kwamba siku ya malipo atarejeshewa 50,000. Hii ni riba iliyo wazi, hata ikiitwa “kusaidiana”. Mwenye duka anayeuza kwa mkopo kwa bei ya juu kidogo kuliko ya taslimu, na bei ikakubaliwa tangu mwanzo, jumhuri ya wanazuoni wamemruhusu. Lakini akiongeza deni kwa sababu malipo yamechelewa, ameingia kwenye riba naye.

Na kwa wenye mali miongoni mwetu. Fedha za TASAF si zaka, na kuwepo kwake hakuiondoi zaka shingoni mwa mtu. Mlengwa ambaye bado mahitaji yake hayatoshi ni fakiri au masikini, na anastahiki. Imamu An-Nawawi katika Al-Majmuu‘ ameeleza kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi‘i kwamba masikini mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana zake, na mfanyabiashara hupewa mtaji wa kumtosha. Tulinganishe na desturi yetu ya kila Ramadhani: tajiri anagawa noti za elfu moja moja mlangoni, foleni ya mama wazee inafika barabarani juani, na yupo anayepiga picha. Mwenye laki tano za zaka angewapa wavuvi wawili nyavu, au mama mmoja kamba na vigingi vya mwani na mwengine cherehani, usiku, bila ya simu kutolewa mfukoni.

Tumeulizwa pia kuhusu aliyeandikishwa akiwa na dhiki, kisha Allah akamkunjulia. Halazimiki kurejesha alichokwishapokea kwa haki. Lakini akiulizwa hali yake katika uhakiki, haimfalii kuificha, kwani nafasi anayoishikilia yupo jirani anayeingojea.

Wallaahu a‘lam.