Kiswahili katika Mitambo ya Utafutaji: Mfano wa Mbekenyera

Wakati wa kipupwe, mikorosho ya Mbekenyera ichanuapo, pengine huonekana unga mweupe juu ya maua na majani machanga. Ugonjwa huo huitwa ubwiri unga. Huletwa na kuvu, na usipozuiliwa mapema maua hunyauka na mavuno hupotea. Mkulima aonaye dalili hiyo hana muda mwingi wa kungojea. Zamani alimwendea jirani au bwana shamba. Siku hizi aghalabu hutoa simu yake, huandika neno moja au mawili, na kungoja jibu. Jibu apatalo, au akosalo, hutegemea jambo lililo mbali na kilimo: namna neno lile lilivyoandikwa na yeye, na namna lilivyoandikwa na mtaalamu ambaye tovuti yake inalo jibu.

Mbekenyera ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, katika nchi ya Wamwera, ambao sarufi ya lugha yao ilitolewa na Lyndon Harries mwaka 1950. Mazao yake ya biashara ni korosho, ufuta, mbaazi na choroko. Elimu ya kuiwezesha tovuti ionekane mapema katika orodha ya majibu, pamoja na elimu kubwa zaidi ya kutafuta masoko kwa njia ya mtandao, huhesabiwa kuwa ni mali ya wafanyabiashara na mafundi wa kompyuta. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba, kwa upande wa Kiswahili, sehemu kubwa ya elimu hiyo ni kazi ya kale ya mtunga kamusi, na kwamba kazi hiyo haijakwisha.

Yafaa kwanza kueleza namna mtambo wa utafutaji ufanyavyo kazi. Kazi zake ni tatu. Ya kwanza ni kutambaa: programu huenda kutoka ukurasa mmoja hata mwingine kwa kufuata viungo, na kuyasoma yaliyoandikwa. Ya pili ni kuweka faharasa: kila neno lililosomwa huandikwa pamoja na kurasa lilimoonekana, kama ifanywavyo mwishoni mwa kitabu kikubwa. Ya tatu ni kupanga: mtu akiuliza, mtambo huitazama faharasa yake na kuamua ukurasa upi utangulie na upi ufuate. Haitafuti dunia nzima saa ile ile. Hutafuta katika daftari lake. Ukurasa usiokuwamo katika daftari hauwezi kuonekana, hata uwe na hekima namna gani.

Katika kazi ya tatu, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walileta fikira ambayo wanachuoni wataitambua upesi. Katika maandishi yao ya mwaka 1998, mwaka ilipoanzishwa kampuni ya Google, walikitendea kiungo kama rejeo la kitaaluma. Kitabu kinachotajwa na waandishi wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Nacho kinachotajwa na mwandishi mmoja mwenye uzito chaweza kukishinda kinachotajwa na kumi wasiojulikana. Ndivyo ilivyo kwa ukurasa. Siku hizi alama nyingine nyingi zimeongezwa juu ya hiyo, lakini msingi ule haujaondoka. Kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili una upungufu tangu mwanzo: kurasa za Kiswahili ni chache zikilinganishwa na za Kiingereza, na aliye na majirani wachache hutajwa na wachache.

Upungufu wa pili ni wa maumbo ya maneno. Mwaka 1980 Martin Porter alitoa kanuni za kukata miisho ya maneno ya Kiingereza, ili mtu atafutaye neno katika umbo moja alipate katika maumbo yake mengine. Kanuni hizo zilienea sana katika kazi za utafutaji. Kiingereza hubadilisha zaidi mwisho wa neno; Kiswahili hubadilisha mwanzo na mwisho pamoja. Mtu mmoja ataandika “kuuza ufuta”, mwingine “wauzaji wa ufuta”, wa tatu “ufuta unauzwa wapi”, wa nne “mauzo ya ufuta”. Kwa mwenye lugha hayo ni matawi ya shina moja. Kwa mtambo ulinganishao herufi tu, ni maneno manne yasiyojuana.

Shida hii si ngeni kwa watu wa kamusi. Katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson, majina mengi yatokanayo na vitenzi yaliwekwa chini ya vitenzi vyao. Mpango huo ulionyesha vizuri ukoo wa maneno, lakini mwanafunzi aliyelitafuta neno “mkulima” ilimbidi ajue kwanza kwamba huzaliwa na “lima”. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyaweka majina kama hayo mahali pake yenyewe, ili msomaji ayapate kwa herufi ya kwanza. Mitambo nayo imekabiliwa na swali hilo hilo. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitengeneza programu ya kuyachambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, akathibitisha kwamba kompyuta yaweza kufundishwa kuliona shina. Mwezi wa Desemba 2019 Google ilieneza katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo, namna mpya ya kufahamu maneno kwa kuyatazama yanayoyazunguka. Hali imekuwa nafuu tangu hapo. Lakini mtambo hujifunza kwa maandishi uliyoyapata, na palipo na maandishi haba fahamu nayo huwa haba.

Jambo la tatu ni wingi wa majina kwa kitu kimoja. Zao liitwalo ufuta katika Ruangwa huitwa simsim na wengi katika Kenya na Uganda. Choroko za Tanzania bara huitwa pojo na baadhi ya watu wa pwani, na ndengu katika Kenya. Madini yachimbwayo Ruangwa huitwa kinywe katika maandishi ya serikali, na grafaiti katika vinywa vya wengine. Hata chombo chenyewe cha kazi hii kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mwenye ghala la Ruangwa aandikaye “ufuta” peke yake humwambia mnunuzi wa Kampala asiingie, bila ya kukusudia. Dawa yake ni nyepesi: katika sentensi moja ya kweli aeleze kwamba ufuta ndio uitwao simsim kwingineko. Ni kazi ile ile afanyayo mtunga kamusi aandikapo “taz.”, yaani amwelekezapo msomaji kutoka jina moja hata jingine.

Tahajia nayo yataka uangalifu. Jina la ugonjwa uliotajwa mwanzoni huandikwa “ubwiri unga”, maneno mawili, na pengine “ubwiriunga”, neno moja. Swali la maneno yapi yatengwe na yapi yaunganishwe ni la zamani. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika ya Mashariki ilipewa kazi ya kusanifisha maandishi, na jambo hili lilikuwa miongoni mwa mashaka yake. Wakati ule hasara ya kutofautiana ilikuwa ni aibu ya mpiga chapa. Leo hasara yaweza kumfikia mwenye shamba. Na ikiwa mtaalamu ameandika habari zake kwa Kiingereza tu, mkulima atafutaye kwa Kiswahili hatazipata hata kidogo, ijapokuwa kituo cha utafiti cha Naliendele, chenye kuishughulikia korosho, kiko katika mkoa wa jirani wa Mtwara.

Majina ya mahali yana taabu yake yenyewe. Kubadilishana kwa “l” na “r” katika vinywa vya wasemaji huingia katika maandishi ya makarani, hata Mbekenyera ikaweza kuandikwa Mbekenyela. Akosaye zaidi akaandika “Luangwa” badala ya “Ruangwa” atachukuliwa mpaka Zambia, kwenye mto mashuhuri wa jina hilo na wanyama wake. Tena Wilaya ya Ruangwa ilikatwa katika Nachingwea kwenye miaka ya 1990. Kwa hiyo maandishi ya kale yaihusuyo nchi hii hutaja Nachingwea, na mapya hutaja Ruangwa. Kila jina lina sifa zilizolitangulia. Nachingwea hukumbusha mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951. Ruangwa hukumbusha timu ya mpira ya Namungo, iliyofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika katika msimu wa 2020/2021. Mwenye nyumba ya wageni au mwuza asali wa Mbekenyera hana budi kuyaandika majina haya kwa ukamilifu, kata, wilaya na mkoa, kwa tahajia moja kila mahali, ili mtambo usimdhanie kuwa ni watu wawili.

Yatokanayo na maelezo haya yaweza kufanywa kanuni chache. Ukurasa mmoja na uwe na habari moja. Kichwa chake kiseme habari hiyo kwa maneno ambayo muulizaji angeyatumia: “Dawa ya ubwiri unga wa korosho” humfaa mtu kuliko “Karibu katika tovuti yetu”. Aya ya kwanza ijibu swali kabla ya kusifu mwenye nyumba. Lugha iwe moja tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa Google huitambua lugha ya ukurasa kwa maneno yanayoonekana; mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja huutia mtambo mashakani. Picha zisiwe nzito, kwa sababu msomaji hulipa kifurushi. Na mwaka 2023 Google ilikamilisha mpango wake wa kuzikagua kurasa kama zionekanavyo katika simu.

Penye faida hapakosi hila. Wako wajazao ukurasa kwa neno moja mara mia, na wako wanunuao viungo kama mtu anunuaye mashahidi. Katika mwaka 2011 na mwaka 2012 Google ilibadili kanuni zake ili kuziangusha kurasa duni na viungo vya hila, na tovuti nyingi zikashuka ghafula. Ahadi ya kumfikisha mtu nafasi ya kwanza nayo si ya kuaminiwa. Google yenyewe huwaonya watu kwamba hapana awezaye kuidhamini. Tena yapasa kutenga nafasi iliyostahiliwa na nafasi iliyonunuliwa. Matangazo yaliyo juu ya orodha hupatikana kwa mnada, nao watu wa Ruangwa waujua mnada vizuri, kwani korosho zao huuzwa hivyo chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Tofauti ni kwamba katika mnada wa matangazo fedha haiamui peke yake; ubora wa tangazo na wa ukurasa wake hupimwa pia. Na fedha ikikoma, tangazo hutoweka.

Mfumo huo wa mazao watufundisha mpaka wa elimu hii pia. Korosho na ufuta wa Mbekenyera hupitia vyama vya msingi na Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limetungwa kwa silabi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tovuti haitamwezesha mkulima kuuza zao hilo kwa mlango wa nyuma, wala haifai adanganywe hivyo. Itakalofanya ni kumjulisha mnunuzi wa mbali sifa ya mzigo wa nchi hii, kuwapa nafasi wenye bidhaa zisizopitia ghalani, na kumfikishia mkulima habari aihitajiyo.

Kwa upande wa mafunzo, mwaka 2017 Google ilitangaza nia ya kuwafundisha Waafrika milioni 10 ujuzi wa mtandao, na Kiswahili kilitajwa pamoja na Kihausa na Kizulu miongoni mwa lugha za mafunzo. Hata hivyo mwalimu wa somo hili kwa Kiswahili hupungukiwa na istilahi. Tovuti, kiungo, faharasa na mtambo wa utafutaji yamekwisha kuzoeleka au yanazoeleka. Lakini kwa “kuipandisha tovuti katika orodha” kila mwalimu hujitungia lake, na mwanafunzi ahamapo darasa huanza upya.

Hapa ndipo mahali pa taasisi za lugha. Orodha ya majina ya magonjwa ya mimea pamoja na tahajia zake zote zitumikazo. Orodha ya mazao pamoja na majina yake ya Kenya, Uganda, Zanzibar na bara. Orodha ya kata na vijiji kwa maandishi yaliyokubaliwa: kazi hizo zikichapishwa wazi katika mtandao, mtambo utazisoma kama usomavyo kila kitu, na utajifunza kwamba ubwiri unga na ubwiriunga ni ugonjwa mmoja. Mkulima wa Mbekenyera hatajua ni nani aliyeifanya kazi hiyo. Atajua tu kwamba aliuliza wakati maua yangali mtini, akajibiwa.