Kununua kwa Simu (2): Gulio Lisilofungwa

Juma lililopita tulieleza namna biashara ya simu ilivyopanda mlimani. Leo tuitazame ile saa ambayo mkulima wa Rangwi hununua kitu ambacho asubuhi yake hakukiwaza.

Aghalabu ni jioni ya siku aliyouza kabichi au viazi. Fedha zimeingia kwenye simu, na simu hiyohiyo, kupitia status za WhatsApp, inamwonyesha viatu na sufuria za Kariakoo. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, kibindo na duka vimekuwa chombo kimoja. Gulio lina siku yake: unalifuata kwa miguu, unashika bidhaa, unapatana bei, jirani anakuona, kisha unahesabu noti. Kila hatua ni nafasi ya kughairi. Simu imezifuta zote, ikaacha namba ya siri tu.

Kwamba noti huzuia mkono, limepimwa. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha majaribio ya watu walioshindania tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei iliyofikia hata maradufu ya wale wa fedha taslimu. Tiketi ni zilezile! Nadhani pesa ya simu hutoka kwa wepesi kuliko hata ya kadi.

Basi turudishe vikwazo. Ukitamani kitu, ngoja gulio lijalo, ukaulize bei ya kinachofanana nacho. Muuzaji atakuandikia “zimebaki pisi mbili”. Mwache, mzigo Kariakoo hauishi. Status zake zifiche. Siku ya mauzo, hisa ya kikoba na fedha za mbolea zitangulie kutoka. Wapo wanaoshauri umkabidhi mwenzio simu. Mimi siafiki: hiyo huzaa ugomvi nyumbani, na tamaa iko palepale.

Halafu andika karatasini bei nzima, maana tangazo hutaja nusu. Mzigo hupanda basi Dar es Salaam, hufika Mombo, hupanda kona za kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, ndipo bodaboda auchukue kuja Rangwi. Kiatu kikibana, kukirudisha kunadai nauli hizo upya, tena kwa muuzaji ambaye huenda ameshakufungia namba. Wengi hubaki nacho, wakampa shemeji.

Kuna Songesha ya Vodacom, inayokamilisha malipo salio lisipotosha, kisha ikakata deni na ada yake fedha zinapoingia. Mtoto akihitaji dawa usiku, itumie. Kwa mapazia, hapana: kabichi ijayo itakuwa imeshaliwa ingali shambani. Mikopo ya namna hiyo, na ile ya “kausha damu”, tutaichambua juma lijalo.