Mbuzi Guniani: Nani Humpata Mteja wa Mtandaoni?

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli tupu pale Gikomba, ambako mnunuzi huipapasa nguo, huigeuza ndani nje, kisha hubishana bei mpaka muuzaji asalimu amri. Je, sokoni mtandaoni, ambako mteja haoni ila picha? Huko kizuri na kibaya hufanana. Kununua huko ni kama kuuziwa mbuzi ndani ya gunia! Ndiyo maana nasema kwamba bei nafuu na jina kubwa havitoshi kumpata mteja. Sharti kwanza aondolewe hofu.

Hebu tutazame yaliyotokea nchini Uchina. Mwaka wa 2002, kampuni ya Kimarekani ya eBay ilinunua sehemu ya EachNet, soko la mtandaoni la Shanghai. Mwaka wa 2003 ikainunua yote. Mwaka uo huo, kampuni ya Alibaba ya Jack Ma, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza mjini Hangzhou, ilifungua soko lake liitwalo Taobao. Ungedhani ni sungura anayemchokoza ndovu.

Kumbe sungura alikuwa na maarifa. Kwanza, Taobao haikuwatoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa zao, ilhali eBay ilitoza. Pili, mnunuzi aliweza kuandikiana na muuzaji papo hapo, akauliza maswali na kuomba apunguziwe, kama sokoni tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, ilileta njia ya malipo iitwayo Alipay. Mnunuzi alilipa, lakini pesa hazikwenda moja kwa moja kwa muuzaji. Zilishikiliwa katikati mpaka mnunuzi apokee mzigo na kukubali kuwa ndio alioagiza. Muuzaji naye alituma mzigo akijua pesa zipo. Mwezi wa Desemba 2006, eBay ilitangaza kuwa inafunga tovuti yake ya Uchina na kuingia ubia na kampuni ya huko. Ndovu kaanguka!

Hapa kwetu hofu ni ile ile. Jumia, iliyoingia Kenya mwaka wa 2013, iliwaruhusu wateja kulipa mzigo unapofika. Lakini si wauzaji wote wafanyao hivyo. Shangazi yangu alimtumia muuzaji mmoja pesa za viatu vya shule kwa simu. Viatu havikuja, na simu ikazimwa. Tangu siku hiyo shangazi hataki kusikia habari za mtandao, hata umwambie nini. Tazameni basi hasara ilivyoenea: tapeli alikula pesa za mtu mmoja, lakini wauzaji wote waaminifu wamempoteza mteja.

Kwa hivyo, mwenzangu, kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, jiulize: mzigo usipofika, pesa zangu zitakuwa mikononi mwa nani? Ukikosa jibu, tafuta muuzaji mwingine. Ushindani unakupa nafasi ya kuchagua. Nanyi mnaopanga kuuza mitumba kwa simu mkimaliza Kidato cha Nne, msishindane kwa bei pekee. Mwacheni mteja afungue gunia, amwone mbuzi, ndipo alipe.