Mtafiti Naye Aulize Njia

Katika nyumba nyingi za mjini iko taa moja isiyozimwa mapema. Chini yake ameketi mtu mzima, baba au mama wa watoto, akiandika tasnifu ya shahada ya juu. Watoto wamekatazwa kupiga kelele. Matumizi ya nyumbani yamebanwa ili ada ipatikane. Jamaa wote wameikubali dhiki hiyo kwa kuamini kuwa ina mwisho. Lakini mwaka unapita, wa pili unafuata, na kazi haijasogea.

Mara nyingi kinachokosekana si akili wala bidii. Mtafiti hajui abishe mlango gani; au anaujua, ila anaona haya kubisha. Husema moyoni mwake, "Mimi ni msomi, nikiuliza watanionaje?" Wahenga walikwisha kumjibu: mficha uchi hazai.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtafiti anayetaka kwenda kuwahoji wakulima wilayani hawezi kufika tu na kalamu na daftari. Hana budi awe na kibali. Waraka wa Serikali wa tarehe 4 Julai, 1980, ulimpa Makamu wa Mkuu wa Chuo madaraka ya kutoa vibali kwa walimu na wanachuo wake, kwa niaba ya Serikali na Baraza la utafiti lililoitwa UTAFITI. Nafasi ya Baraza hilo ilichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Na kama utafiti unahusu afya ya binadamu, iko pia idhini ya maadili, ambayo kitaifa hushughulikiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Anayeanza kuyatafuta hayo siku za safari atakuta nauli imeliwa na msimu wa mavuno umepita. Itambidi angoje mwaka mwingine, na jamaa zake wangoje pamoja naye.

Vivyo hivyo maktaba. Pale Mlimani, ambako maktaba mpya ilifunguliwa mwaka 2018, wengi humdhania mkutubi kuwa mlinzi wa vitabu tu. Kumbe ni mtaalamu wa kutafuta maarifa. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kitaalamu bure au kwa malipo nafuu. Ni hasara iliyoje basi mtu kutoa fedha za chakula cha watoto kununua makala ambayo mkutubi angempatia bila senti moja!

Tufanyeje? Mtafiti na aanze mapema, kabla hata mapendekezo ya utafiti hayajakamilika. Aende ofisi ya utafiti ya chuo chake, aulize vibali vinavyotakiwa, nani huvitoa, na huchukua muda gani. Amwone mkutubi akiwa na swali lililoandikwa. Amweleze msimamizi wake ukweli pale alipokwama, wala asimkimbie.

Ofisi nazo zina wajibu. Huduma isiyotangazwa ni sawa na huduma isiyokuwapo. Karatasi moja ubaoni, yenye hatua zote kwa lugha nyepesi, inaweza kumwokolea mtu miezi. Na jibu la "njoo kesho" humvunja moyo hata shujaa.

Nasi wa nyumbani tusibaki watazamaji. Usiku wa leo, badala ya kumwuliza ndugu yetu, "Utamaliza lini?", swali linalomwumiza, tumwulize kwa upole, "Umekwama wapi, na umekwisha kumwona nani?" Huenda kesho asubuhi akabisha mlango ule aliokuwa akiupita kila siku.